Kiraka na Kumbukumbu: Nguo Kuukuu kama Masimulizi ya Ukoo katika Eldoret

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi simulizi katika Afrika ya Mashariki umezoea kuanzia kinywani mwa msanii. Ngano husimuliwa, wimbo huimbwa, kitendawili hutegwa na kuteguliwa. Mhakiki hurekodi, hunakili, kisha hupambanua fani na maudhui. Vitu vinavyoshikwa mkononi wakati wa masimulizi, kama vile mkongojo, kibuyu, ushanga au nguo, aghalabu huhesabiwa kuwa vifaa vya utendaji tu. Nguo moja pekee imefaulu kuvuka mpaka huo, nayo ni leso, au kanga kama waitavyo wengine. Sababu ya kufaulu kwake ni dhahiri. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani maneno yaliyopigwa chapa juu yake. Kwa kuwa ina maneno, wahakiki wa lugha wameiona kuwa ni jamaa yao.

Makala haya yanachunguza nguo ambayo kwa kawaida haina maneno: nguo kuukuu ya nyumbani, iliyochakaa, ikakatwa, ikatiwa viraka, ikadariziwa na kuhifadhiwa ili ikumbushe habari za waliotangulia. Mazingira yanayoangaliwa ni Eldoret na nyanda za Uasin Gishu, mahali ambapo kiwanda cha nguo, soko la mitumba na mashaka ya siasa vimekutana katika muda wa maisha ya vizazi vichache. Hoja inayotetewa ni hii: kazi ya asili ya nguo ni kusitiri, ilhali kazi ya historia ni kufichua. Nguo kuukuu iliyodariziwa imesimama katikati ya wajibu hizo mbili zinazopingana, na ubora wake kama masimulizi ya ukoo hupimwa kwa jinsi inavyoutatua mgongano huo.

Lugha ya nguo na lugha ya ukoo

Kabla ya kuitazama Eldoret yenyewe, inafaa kuisikiliza lugha ya Kiswahili. Kitenzi "kutunga" hutumika kwa shairi, hutumika kwa ushanga, na hutumika kwa uzi unaopitishwa katika tundu la sindano. Maana hizi tatu zina kiini kimoja, nacho ni kuvipanga vitu vilivyotawanyika hata vikafuatana. Mtunzi wa shairi na mtunga shanga ni ndugu katika msamiati, hata kama wahakiki wamewatenga katika vitabu vyao.

Uhusiano wa nguo na ukoo ni wa karibu zaidi. Katika desturi za ndoa za Waswahili, baadhi ya malipo wanayopewa jamaa za bibi arusi huitwa kwa majina ya nguo. Kilemba ni cha wazee wa kiume. Mkaja ni wa mama, kwa ukumbusho wa kitambaa alichojifunga tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko nao ni kwa ajili ya nguo aliyombebea mtoto mgongoni. Malipo hayo siku hizi huweza kuwa fedha tupu, wala kitambaa chenyewe kisionekane. Jina, hata hivyo, limebaki, na jina hilo linasimulia kwamba kila mtu aliyelelewa anadaiwa nguo. Mbeleko ndiyo hati ya kwanza ya nasaba: inaonyesha nani alimbeba nani.

Kwa hiyo, wazo la kwamba historia ya ukoo inaweza kuandikwa juu ya nguo si wazo geni lililoletwa na majumba ya sanaa ya siku hizi. Lilikuwamo katika lugha tangu hapo. Jipya ni kwamba nguo yenyewe, badala ya jina lake tu, imeanza kutazamwa kama matini.

Nguo katika historia ya Eldoret

Mji wa Eldoret ulianza na posta iliyofunguliwa mwaka 1910 katika shamba la walowezi lililopewa namba 64. Ndiyo sababu wenyeji wengi waliuita kwa namba hiyo, wakaitamka "Sisibo". Uliendelea kukua hata ukatangazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Wanandi na Wakeiyo wa nyanda hizo walikuwa na mavazi ya ngozi na mapambo ya shanga kabla ya pamba kuenea. Baadaye walikuja Waluhya, Wakikuyu, Waluo na wengineo, baadhi yao wakiwa vibarua wa mashamba, na Wahindi wakafungua maduka. Kila kundi lilikuja na namna yake ya kuvaa na ya kuhesabu ukoo.

Ushonaji wa kudarizi, kwa jinsi unavyojulikana bara, ulienezwa hasa na shule za misheni na baadaye na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni. Mafunzo yalikuwa ya upishi, usafi, malezi na kazi za sindano. Nia ya walimu ilikuwa kumfanya mwanamke awe mke nadhifu wa nyumbani. Ndipo vilipoenea vitambaa vya meza na vya kuegemezea makochini, vyenye maua ya nyuzi za rangi na pengine neno moja la kukaribisha mgeni. Fani hiyo ilikuwa ya kuiga. Lakini msanii hafungwi na nia ya aliyemfundisha. Sindano iliyotolewa kwa ajili ya maua ndiyo iliyotumika baadaye kulizungushia uzi tundu la shati la marehemu.

Katikati ya miaka ya 1970 Eldoret ilipata kiwanda cha Rivatex, kilichofuma na kupiga rangi vitambaa vya pamba. Mji ulijulikana pia kwa blanketi na nyuzi za kufumia, ambazo katika mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 2,100 si anasa hata kidogo. Kwa familia za wafanyakazi wa viwanda hivyo, kitambaa kilikuwa mshahara, kilikuwa vazi, na kilikuwa kazi ya mikono ya mtu anayejulikana. Mapema katika miaka ya 1990 soko la Kenya lilifunguliwa, mitumba ikafurika, na viwanda vingi vya nguo vikalegea. Rivatex nayo ilifilisika mwishoni mwa muongo huo. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda hicho mwaka 2007, na baada ya mitambo mipya kufungwa kilizinduliwa upya mwaka 2019. Katika pengo hilo la miaka, mtoto wa fundi wa kitambaa alivaa shati lililotoka Ulaya au Marekani likiwa limekwisha kuvaliwa na mtu mwingine. Badiliko hilo ni la uchumi, lakini ni badiliko la masimulizi pia, kama itakavyoelezwa.

Stara na ufichuzi

Msomaji na afikirie shati la kazi la mzee mmoja wa kubuniwa. Kwanza ukosi unachakaa. Fundi cherehani anaufumua na kuugeuza, upande wa ndani ukawa wa nje. Kisha viwiko vinatoboka na mikono inakatwa. Shati linapunguzwa, anavalishwa kijana. Kijana anapolikua, mgongo wake, ambao ndio sehemu iliyobaki nzima, unakatwa kuwa foronya. Mzee anapofariki, binti yake anaichukua foronya hiyo na kudarizi juu yake. Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kuuliza maswali yake.

Je, binti amedarizi wapi, na amedarizi nini? Akijaza foronya yote maua mekundu na ya manjano, mikunjo ya jasho na alama ya mshono wa zamani zitafunikwa. Kazi hiyo huenda ikapendeza machoni, lakini imetimiza wajibu mmoja tu, ule wa stara. Foronya inakuwa kitambaa kizuri kama vingine vyote, na aliyeiona haulizi lolote. Lakini binti huyo akiufuata kwa uzi wa rangi nyingine mstari ule ambapo mkono wa shati ulikuwa umeunganishwa, akaliacha tundu dogo la msumari mahali pake na kulizungushia uzi tu, mtazamaji atashangaa na kuuliza. Swali hilo ndilo mwanzo wa masimulizi, kama vile "Paukwa" inavyosubiri "Pakawa".

Kigezo cha kwanza, basi, ni kwamba darizi njema hujibu alama zilizokwisha kuwamo katika nguo. Haianzi kwenye nguo kama kwamba ni karatasi tupu. Kigezo cha pili ni kiraka chenyewe. Fundi stadi anaweza kukificha kiraka hata kisijulikane, na katika vazi la kwendea harusini hilo ni jambo la kusifiwa. Katika nguo ya ukoo, kiraka kilichofichwa kabisa ni sawa na msimulizi anayeruka tukio. Kiraka bora huziba tundu na papo hapo kukiri kwamba palikuwa na tundu. Kigezo cha tatu ni nafasi anayoachiwa mshonaji ajaye. Nguo iliyodariziwa pembe zote imefungwa. Yenye upindo mtupu bado inapokea kizazi kingine.

Sweta la shule linaleta ugumu wa aina yake. Katika baridi ya Eldoret, sweta lililombana mtoto liliweza kufumuliwa, uzi ukaoshwa na kunyooshwa, kisha ukafumwa upya kwa ajili ya mdogo wake. Katika sweta jipya hakuna kiraka wala mshono wa zamani. Historia yote imeingia ndani ya uzi, na ishara pekee ni mawimbi madogo ambayo uzi uliokwisha kufumwa huwa nayo. Asiyeelezwa hajui. Sweta hilo linathibitisha jambo ambalo wapenzi wa usemi kwamba "nguo inajisemea yenyewe" hawapendi kulikubali: nguo haijisemei.

Haja ya neno la msimulizi

Mfano ulio maarufu kutoka mbali unasaidia kulikaza jambo hili. Mwaka 1942, katika Gee's Bend, jimbo la Alabama nchini Marekani, Missouri Pettway alishona kifuniko cha kitanda kwa nguo za kazi za marehemu mume wake. Vipande vyake ni vya rangi zilizopauka kwa jua na kufuliwa mara nyingi, na vingine vina kivuli cha mahali palipokuwa na mfuko. Kazi hiyo imekuja kuonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa, na wengi wameisifu kwa mpangilio wa rangi na maumbo. Lakini maana yake ya ukoo inajulikana kwa sababu binti yake, Arlonzia, alisimulia: kwamba mama alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika kwa nguo zake. Maelezo hayo yakiondolewa, hubaki umbo zuri. Yakirudishwa, kila doa linapata mwenyewe.

Nchini Chile, baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1973, wanawake ambao jamaa zao walitoweka mikononi mwa dola walishona picha za vitambaa kwa vipande vya nguo kuukuu, na pengine kwa nguo za hao waliotoweka. Hapo nguo ilishuhudia mahali ambapo kinywa kilizibwa. Yaweza kudhaniwa kwamba mfano huu unaibomoa hoja, maana nguo ilisema wakati ambapo watu hawakuweza. Sivyo. Picha hizo zilieleweka kwa kuwa jamii nzima ilikuwa na habari ile ile moyoni. Neno lilikuwapo, ila lilikuwa la siri.

Kwa hiyo nguo ya ukoo ni tanzu yenye sehemu mbili, nguo na maelezo, kama kitendawili kilivyo na swali na jibu. Mwanamke anayelitandaza shuka lililodariziwa mbele ya wajukuu na kupitisha kidole juu ya mishono huku akitaja majina hufanya kazi ya mtambaji. Mpangilio wake wa matukio haufuati miaka. Unafuata mwelekeo wa mkono: kutoka kona moja hadi nyingine, kutoka kiraka kipya kurudi kwenye kitambaa cha zamani. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 kwa ajili ya binti, unakumbusha kwamba urithi wa mama kwa mwanawe uliwahi kuhesabiwa fasihi tukufu. Tofauti ni kwamba wosia ule ulipata waandishi wa kuunakili. Shuka halina mnakili.

Nguo ya mgeni

Swali gumu zaidi linaletwa na mitumba. Methali husema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Ikiwa koti alilovaa baba miaka kumi lilikuwa kwanza la mtu asiyejulikana katika nchi ya mbali, je, laweza kubeba historia ya ukoo? Neno "mtumba" lenyewe ni furushi, mzigo uliofungwa kwa safari, halina nasaba.

Wasanii wa Afrika ya Mashariki wamelijibu swali hili kwa ukali. Mwaka 2022, katika maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, kundi la The Nest Collective la Nairobi lilijenga nyumba kwa marobota ya nguo zilizotupwa, likaipa kazi hiyo jina lenye maana ya "Mrudishie Aliyetuma". Mjini Kampala, Bobby Kolade, mwanzilishi wa Buzigahill, alichukua mitumba, akaikata na kuishona upya, kisha akaiuza kwa jina lenye maana hiyo hiyo katika nchi zilikotoka. Dhamira ya kazi zote mbili ni ya haki: kwamba bara hili limefanywa jalala, na kwamba viwanda vyake vimenyongwa kwa taka ya wengine. Eldoret, iliyoshuhudia Rivatex ikifungwa, haihitaji kuelezwa ukweli huo.

Hata hivyo, sanaa hiyo ya kurudisha huichukulia mitumba kuwa kitu kisicho na mwenyewe huku kwetu, kana kwamba nguo ilifika Afrika na kubaki robota tu. Mwanamke aliyelikata koti la mumewe na kulidarizi hakubali hivyo. Kwake, nguo ilianza kuwa na historia siku iliponunuliwa sokoni kwa fedha iliyotoka katika debe la mahindi. Miaka kumi ya mvua, kibarua na mazishi imeifanya kuwa ya nyumbani. Darizi yake ni kama kumpa jina mtoto wa kulea. Kati ya misimamo hii miwili, mhakiki halazimiki kuchagua mmoja na kuutupa mwingine. Wa kwanza unahukumu mfumo wa biashara. Wa pili unatetea utu wa aliyevaa. Kosa litokee tu pale uzuri wa darizi unapotumika kusahaulisha kwa nini hapakuwa na nguo nyingine.

Nguo na mwaka 2008

Lipo jaribio moja ambalo uhakiki wowote wa nguo za ukoo katika Eldoret hauwezi kulikwepa. Kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia za kikabila ziliikumba Uasin Gishu. Tarehe 1 Januari 2008, katika Kiambaa, karibu na mji, kanisa lilitiwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Maelfu ya waliofukuzwa makwao walikusanyika katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret, baadhi yao wakiwa na nguo walizovaa tu. Miaka ya 1990 ilikuwa imetangulia kuleta ghasia kama hizo.

Kwa familia zilizopitia moto huo, nguo iliyosalia haikuchaguliwa kwa uzuri wala kwa heshima yake. Ilisalia kwa kuwa ilikuwa mwilini. Hapa mgongano wa stara na ufichuzi unafikia kilele. Kudarizi maua juu ya nguo hiyo ni kuipatanisha jamii kabla jamii haijapatana. Kuianika na alama zake zote mbele ya wageni ni kumvua nguo aliyekwisha kuvuliwa kila kitu. Si kila nguo inapaswa kusimulia, wala si kila msimulizi anapaswa kuhimizwa aseme. Yawezekana kwamba nguo iliyo kweli kuliko zote ni ile iliyokunjwa sandukuni bila sindano kuigusa, na mwenyewe akajua kwa nini. Uhakiki unaodai kila nguo ipambwe na kila jeraha lielezwe umechukua zana za fasihi na kusahau adabu yake. Kunyamaza nako ni sehemu ya masimulizi. Mhakiki akutane nako kama anavyokutana na kituo katika shairi.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba nguo kuukuu iliyotiwa viraka na kudariziwa ni tanzu ya masimulizi yenye kanuni zake: darizi inayojibu alama za nguo, kiraka kinachoziba bila kukana, upindo unaomngoja mwingine, na neno la msimulizi ambalo bila hilo nguo ni bubu. Imeonyeshwa pia kwamba mitumba haikosi kuwa nguo ya ukoo kwa sababu ya asili yake, mradi darizi isitumike kuficha dhiki iliyoileta.

Eldoret ina nafasi isiyopatikana kwingi. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kina idara ya Kiswahili, na mwaka 2007 kilinunua kiwanda cha nguo. Wanaosoma nyuzi na wanaosoma ngano wako chini ya paa moja, lakini kila upande hutazama nusu ya kitu. Wa nyuzi wanaweza kutambua kitambaa kilifumwa vipi. Wa ngano wanaweza kuuliza kilivaliwa na nani. Kinachotakiwa ni kuvikusanya viwili hivyo pamoja: picha ya nguo pande zote mbili, wa ndani na wa nje, na sauti ya mwenyewe akieleza nani alikata, nani alishona, uzi ulipatikana wapi, na ni sehemu gani hataki kuizungumzia. Ridhaa yake itangulie.

Kazi hii haina muda mrefu. Nguo ya ukoo haingojei mtafiti kama hati iliyo maktabani. Mwenye kuijua akifa bila kuulizwa, waliobaki wataona kitambaa cha zamani chenye viraka, na baada ya miezi michache kitakuwa tambara la kupangusia meza.